Gari Ikikataa Kuwaka, Tusikilize Kwanza



Kila mtu wa Karuba anajua mambo haya. Ni asubuhi mapema, ukungu ungali umefunika milima, gari imesimama mbele ya ofisi na shofere anazungusha ufunguo. Moteri inalia polepole, kisha inanyamaza. Halafu tunasikia sauti: "Wanafunzi, mukuje kusukuma!" Tunaacha uji, tunasukuma.

Muhula uliopita tuliitwa usiku. Mwenzetu alikuwa anaumwa tumbo sana, ilipaswa kumfikisha hospitali upesi. Tulisukuma karibu saa nzima. Magurudumu yaliteleza ndani ya matope, gari ikakataa. Mwisho papa mmoja mwenye kujua alifika na tochi, akafungua moteri, akashika waya wa batri. Ulikuwa unacheza! Akaukaza, gari ikawaka mara moja. Mwenzetu alipona, lakini ile saa moja ingeweza kumpoteza.

Ndiyo maana tumewauliza mafundi, tukarudi pia kwenye masomo yetu ya fizika. Tumeelewa neno moja: kabla ya kusukuma, sikiliza. Gari inayokataa iko na namna mbili za kukataa, na dawa zake si moja.

Namna ya kwanza: moteri inazunguka polepole, ao haizunguke hata kidogo. Hapa ugonjwa uko upande wa umeme. Washa taa kubwa za mbele, kisha zungusha ufunguo. Kama taa zinafifia sana ao zinazimika, batri imechoka, ao nyaya zake zimelegea ao ni chafu. Kama taa zinabaki na nguvu na unasikia "tak" tu, uchunguze demareri na waya wake.

Mtu atauliza: kama waya umelegea, mbona taa zinawaka? Sababu taa zinaomba umeme kidogo, lakini demareri inaomba zaidi ya ampere mia. Ni kama tundu dogo la bomba: maji ya kujaza kikombe yanapita, lakini ya kujaza pipa kwa haraka hayapiti. Ule unga mweupe ao wa kijani kwenye vichwa vya batri unaziba njia vilevile. Zima moteri, ondoa waya wa kutoa (–) kwanza, osha kwa maji ya moto, pangusa, kaza vizuri. Wakati wa kurudisha, waya wa kutoa uwe wa mwisho. Batri ya volti 12 iliyojaa, ikiwa imepumzika, inaonyesha karibu 12,6. Ikionyesha 12,2 imebaki karibu nusu.

Namna ya pili: moteri inazunguka kwa nguvu, lakini haiwake. Hapo batri haina kosa. Usiendelee kuimaliza bure! Gari nyingi zinazopanda kutoka Sake kuja huku kwetu zinatumia mazutu, na moteri ya mazutu haina cheche. Rudolf Diesel, Mjerumani, alionyesha moteri yake ikifanya kazi vizuri mwaka 1897: inakaza hewa mpaka inapata moto mkali, na mazutu ikiingia inawaka yenyewe. Mwenye kujaza kinga kwa pompi anajua: pompi inapata moto mikononi. Ni jambo lilelile.

Asubuhi chuma ni baridi na kinanyang'anya hewa ule moto. Kwa hiyo moteri nyingi ziko na buji za kupasha moto. Ile taa ndogo ya rangi ya machungwa ikiwaka, ngojea izimike, ndipo uzungushe. Shofere mwenye haraka hangojei, na sisi tunasukuma!

Angalia pia moshi wakati moteri inazunguka. Moshi mweupe ukitoka, mara nyingi mazutu inafika lakini haipati moto wa kutosha: chunguza buji. Moshi usipotoka hata kidogo, mazutu haifiki: pengine filtri imeziba, hewa imeingia ndani ya mipira, ao maji yamechanganyika na mazutu ya bidoni. Na usizungushe zaidi ya sekunde kumi na tano. Acha demareri ipumzike dakika moja.

Wengine wanasema, "Ni baridi ya Karuba tu." Ni kweli, baridi inafanya mafuta ya moteri kuwa mazito na inapunguza nguvu ya batri. Lakini katika nchi za theluji gari zinawaka. Baridi yetu haiui gari nzima. Inafunua ugonjwa uliokuwamo tayari. Vilevile kuegesha kwenye mteremko kila jioni ili gari iwake kwa kushuka: inasaidia siku moja, lakini ukifanya hivyo mwezi mzima unaficha ugonjwa. Siku utakaposimama kwenye tambarare na mgonjwa ndani, utafanya nini?

Wadogo zetu, mukiitwa kusukuma, mushike haya:
– Musisimame mbele ya gari, wala chini yake kwenye mlima. Jiwe liwe tayari kwa kuzuia gurudumu.
– Musilete kiberiti ao sigara karibu na batri. Hewa inayotoka ndani yake inaweza kulipuka.
– Moteri isingurume ndani ya nyumba iliyofungwa. Moshi wake unaua kimyakimya.

Wakituita tena, tutakuja, hatukatai kazi. Lakini mmoja wetu aulize kwanza kwa heshima: "Papa shofere, tuwashe taa tuone?"