Kumhimiza Mama Afanye Mazoezi

Akina mama wengi tunajua kwamba mazoezi hupunguza hatari ya shinikizo la damu na kisukari. Kujua si shida. Shida ni kutoka nyumbani.

Mwaka 2002 watafiti wa Uingereza, Milne na wenzake, waligawa wanafunzi wa chuo makundi matatu. Kundi lililoonywa tu juu ya ugonjwa wa moyo halikulipita lile lisiloonywa: katika kila 100, waliofanya mazoezi walikuwa 35 dhidi ya 38. Walioonywa na kisha wakaandika siku, saa na mahali, walifika 91!

Basi, tukimhimiza dada yetu tusiutaje unene wake. Tumwulize, "Jumanne utatoka saa ngapi? Utapita wapi?" Wa Kisarawe ana vilima, wa Kibaha atafute njia za mitaani, mbali na magari ya Barabara ya Morogoro. Anayeogopa kuchekwa akikimbia, atembee haraka na jirani yake. (Mama anayelima na kuchota maji mbali, huyo tumhimize apumzike.) Naye baba watoto aambiwe mapema, ili saa hiyo asidai chai.