UKURASA WA AFYA: Jino la Mtoto Likingʼoka kwa Ajali



Mara nyingi huwa hivi: watoto wametoka mafundisho ya Komunyo ya Kwanza, wanacheza mpira nyuma ya kanisa. Mmoja anagongwa kiwiko mdomoni. Damu inamwagika, na jino la mbele limelala mchangani. Mama anamsafisha mtoto, anamtuliza na kumpeleka zahanati. Jino linaachwa pale pale.

Tunaliacha kwa sababu tumezoea kwamba jino likitoka limekwisha kazi. Jino la utoto mtoto hulitupa juu ya paa, na baadaye lingine huota. Lakini meno ya mbele ya kudumu huanza kuota mtoto akiwa na miaka 6 au 7. Hilo likingʼoka, halioti tena. Mtoto atabaki na pengo maisha yake yote, au atahitaji jino la bandia, ambalo ni gharama kwa familia.

Habari njema ni kwamba jino la kudumu lililongʼoka laweza kurudishwa na likashika. Juu ya mzizi wake kuna ngozi nyembamba yenye uhai, ndiyo inayolishikamanisha na mfupa. Jino likikaa kavu, ngozi hiyo huanza kufa, na baada ya saa moja huwa imekufa karibu yote. Kwa hiyo, kazi kubwa hufanywa na yule aliye karibu, kabla ya kufika kwa daktari.

Kwanza mwangalieni mtoto mwenyewe. Akiwa amezimia, anatapika au anasema ovyo, huenda kichwa kimeumia: mpelekeni hospitali mara moja. Akiwa mzima, fanyeni hivi:

1. Tafuteni jino. Lishikeni sehemu nyeupe ya juu, msiguse mzizi. Lisipoonekana, na mtoto anakohoa au anapumua kwa shida, huenda limeingia kwenye njia ya hewa. Hiyo ni safari ya hospitali bila kuchelewa.

2. Likiwa na mchanga, lisuuzeni kwa maziwa au maji safi, kwa muda wa kuhesabu hadi kumi tu. Msilisugue, wala msitumie sabuni, chumvi au spiriti.

3. Lirudisheni shimoni mwake pole pole, upande wa mbele ukiangalia nje. Mtoto aume leso safi ili lisitoke.

4. Mkishindwa, au mtoto akiwa na hofu nyingi, litieni katika kikombe cha maziwa ya ngʼombe yasiyo na sukari wala majani ya chai, mtindi haufai. Maziwa yakikosekana, mtoto ateme mate kikombeni, jino liwekwe humo. Msilifunge katika karatasi au kitambaa kikavu, wala msiliache ndani ya maji.

5. Nendeni kwa daktari wa meno siku hiyo hiyo, ikiwezekana ndani ya saa moja. Hata mkichelewa, nendeni na jino. Chukueni na kadi ya chanjo, kwani mtoto aweza kuhitaji sindano ya pepopunda.

Jino la utoto lisirudishwe, maana laweza kuumiza jino la kudumu lililo chini yake. Hata hivyo mtoto aonwe na daktari. Msipokuwa na hakika ni jino gani, litieni katika maziwa, daktari ataamua.

Daktari atalifunga jino kwa waya mwembamba ulioshikizwa kwenye meno ya jirani, kwa muda wa wiki mbili hivi. Siku hizo mtoto ale uji, ndizi laini na vyakula vya namna hiyo, na apigwe mswaki laini. Waya ukichomoka na kuchoma shavu, msiukate nyumbani, kwani kipande chaweza kumezwa. Usukumeni taratibu kwa pamba safi, funikeni ncha yake kwa pamba hiyo, kisha mrudi kwa daktari. Watoto waliofungwa waya za kunyoosha meno nao wafanyiwe vivyo hivyo. Msiache kurudi siku mliyopangiwa, hata kama jino haliumi, kwa sababu mara nyingi huhitaji kutibiwa ndani ya mzizi.

Kanisa humkumbuka Mtakatifu Apolonia kila tarehe 9 Februari. Alikufa kwa ajili ya imani huko Aleksandria mwaka 249 baada ya kuvunjwa meno, naye ni msimamizi wa wenye maumivu ya meno. Tumwombe atuombee, na wakati huo huo tusiliache jino mchangani.

Tunawashauri makatekista, walimu na viongozi wa jumuiya ndogo ndogo wawasomee wazazi hatua hizi tano. Ajali haipigi hodi.