Kuanzia Sierre au Salgesch?

Katika bonde la mto Rhône, kwenye milima ya Alpi nchini Uswisi, kuna njia ya miguu ya kilomita 6 hivi inayopita kati ya mashamba ya mizabibu, kutoka mji wa Sierre hadi kijiji cha Salgesch. Pande zote mbili kuna kituo cha treni, basi unaweza kuanzia popote. Kwa mwanaisimu, uchaguzi huo si mdogo.

Njiani unavuka kijito cha Raspille, ambacho ni mpaka wa lugha. Ukianzia Sierre, unaanza na Kifaransa. Ng'ambo, mji uliotoka unaitwa Siders. Ukianzia Salgesch, unaanza na Kijerumani. Ukivuka, kijiji ulichoacha kinaitwa Salquenen. Tena vibao havisemi yote: huandikwa Kijerumani sanifu, ilhali wenyeji huzungumza Kijerumani cha Valais.

Somo letu liko hapo. Lugha tunayoanza nayo huwa kipimo, na inayofuata ndiyo tunayoiita tofauti. Anayeanza kuchunguza Kiswahili chetu Lubumbashi hatachora ramani ileile na aliyeanzia Bukavu. Basi njia hiyo ipitwe mara mbili, kwenda na kurudi, ili kila upande upate zamu ya kuwa mwanzo.