Mkonge wa Mwatate na siri ya kubana maji

MSOMAJI, ikiwa umewahi kusafiri kwa basi kutoka Nairobi hadi Mombasa wakati wa kiangazi, bila shaka unaijua sura ya Voi. Nyasi zimekauka, vumbi jekundu limetanda, na mahindi yaliyopandwa kwa matumaini yamejikunja majani. Lakini shuka hapo, ushike barabara ya kwenda Taveta. Ukifika Mwatate utaona mkonge umesimama safu kwa safu, kana kwamba kiangazi hakiuhusu.

Siri yake ni nini? Wengi hudhani kwamba mizizi yake huzama chini sana kutafuta maji. La hasha! Mizizi ya mkonge hutambaa karibu na uso wa ardhi. Siri kubwa imo katika majani, na hasa katika saa.

Majani ya mimea yana vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho matupu. Kupitia humo mmea huvuta hewa ya kaboni ili ujipikie chakula kwa nguvu za jua. Taabu ni kwamba mlango ukifunguliwa hewa iingie, maji nayo hutoroka. Mahindi na maharagwe hufungua mchana, jua likiwaka. Mkonge hufungua usiku, kukiwa na baridi. Hewa uliyoipata huihifadhi kama asidi, kisha kukipambazuka hufunga milango na kuitumia taratibu kujipikia.

Dalili za jambo hili zilionekana zamani. Benjamin Heyne, mtaalamu wa mimea aliyefanya kazi India, alitafuna jani la mmea mmoja mnene akaona kwamba asubuhi lilikuwa kali kwa uchachu, na adhuhuri halikuwa na ladha. Barua yake ilichapishwa London mwaka 1815. (Usimwige, maana mmea huo una sumu.)

Katika karne ya 20, Park Nobel wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alichunguza jamaa za mkonge wa jangwani. Yeye na wenzake walionyesha kwamba udongo ukikauka, mizizi husinyaa na kujitenga nao, hivyo ardhi kavu hainyonyi tena maji yaliyo ndani ya mmea. Mvua ikinyesha, mizizi mipya huchipuka upesi.

Sasa tazama hesabu. Ili kupata gramu 1 ya hewa ya kaboni, mimea kama maharagwe, mpunga na mizabibu hupoteza gramu 400 hadi 500 za maji. Mahindi na mtama hupoteza 250 hadi 300. Mimea ya aina ya mkonge hupoteza 50 hadi 100 tu.

Je, mkulima wa Voi ang'oe mahindi apande mkonge? Pole pole! Mkonge hauliwi, hukua taratibu, na kiwanda hutumia maji mengi kusafisha nyuzi zake. Lakini unatufundisha kwamba kila zao lina bei yake ya maji. Hata mahindi na mtama, ambayo hesabu yake ni moja, hayafanani wakati wa shida. Mahindi yakikosa maji yanapochanua, mavuno yamekwenda. Mtama huweza kutulia ukingoja mvua.

Wanafunzi, jaribuni wenyewe. Ingiza jani la maharagwe ndani ya chupa kavu bila kulikata, uzibe mdomo kwa pamba. Fanya vivyo hivyo kwa ncha ya jani la mkonge au mshubiri. Acha chupa juani saa mbili, kisha uone ipi imejaa matone.

Nanyi wazazi wa mjini, msidhani haya ni ya watu wa Taita pekee. Maji ya chemchemi za Mzima, katika mbuga ya Tsavo Magharibi, husafiri kwa bomba hadi mifereji ya Mombasa. Na mkulima hupanda mahindi kwa sababu sisi hatutaki ugali mwingine mezani. Siku tutakapouliza dukani unga wa mtama, huenda mama mmoja kule Voi asirudi tena shambani kuhesabu mabua makavu.