Akili ya Jikoni Iende Sokoni



Katika darasa letu la kusoma na kuandika la watu wazima, hapa Lubumbashi, tunasikia mara nyingi neno hili: «Mimi sijui kitu, niko tu mama wa nyumbani.» Juma hili tulilijibu kwa hesabu.

Mama mmoja wetu anauza unga wa mahindi. Alinunua meka 20 kwa franka 4,000 kila meka, jumla 80,000. Aliuza meka moja 4,500. Usafiri ulikuwa 3,000. Alitegemea kubaki na 87,000, yaani faida ya 7,000, lakini alikuta 69,000 tu. Alidhani ameibiwa. Tulipoandika ubaoni, tukaona: meka 4 zilienda nyumbani kupikwa bukari, na hakuna aliyezilipa. Hizo ni franka 18,000. Faida yote imeliwa, na mtaji umepungua 11,000. Ikirudi hivyo mara chache, biashara inakufa.

Hatukumkemea. Tulimuuliza: «Wageni wakifika jioni kwako, unafanya nini kwanza?»

«Ninatenga chakula cha watoto, ndipo ninapakulia wageni.»

«Basi, sokoni mtoto wako ni nani?»

Alinyamaza kidogo, kisha akasema mwenyewe: «Ni mtaji.»

Sasa, kila akimaliza kuuza, anatenga kwanza pesa ya mtaji na ya usafiri. Unga wa nyumbani anauandika katika kaye yake, na anaulipa kwa pesa ya chakula.

Mama wenzetu, akili hiyo alikuwa nayo miaka mingi. Lakini ujuzi hauhami wenyewe kutoka jikoni mpaka sokoni. Lazima tuutaje kwa jina lake. Katika vikundi vyetu, tuulizane maswali matatu: Ni kazi gani ninaifanya vizuri? Ninaifanyaje, hatua kwa hatua? Ni wapi pengine inaweza kunisaidia?

Njia hiyo inarudi pia nyumbani. Mama huyo amefungua ukurasa mwingine katika kaye: minervali ya mtoto wa sekondari, na tarehe za chanjo za mdogo. Baba naye anauona, na mazungumzo ya pesa yamekuwa na ugomvi kidogo kuliko zamani.

Lakini tuwe macho, si kila desturi inahama. Nyumbani hatumnyimi jirani chumvi. Sokoni, ukikopesha kila anayeomba, meza itabaki tupu. Huko ni lazima kujifunza kusema «hapana» kwa upole.

Kwa mkutano ujao, kila mama aje na jambo moja analolijua vizuri nyumbani. Asiyeweza kuandika bado, aje aseme tu: mwenzake atamwandikia, naye atalisoma siku yake ikifika.