Povu Si Shahidi: Namna ya Kujua Bia ya Nyumbani Imemaliza Kuchachuka

Mpishi wa mbege kule Kilimanjaro haulizi kama pombe yake imemaliza kuchachuka. Ndizi mbivu zimeshachemshwa, zikaachwa siku kadhaa, zikachujwa. Maji yake yamechanganywa na uji wa kimea cha ulezi, na gome la msesewe limetia uchungu. Kesho yake anachota kidogo kwa kata, anaonja. Utamu ukizidi, anaifunika tena. Ukiwa umepungua na ukali umeanza kuuma ulimi, anawaita wanywaji, na mbege inanyweka huku povu bado linapanda. Mgema wa pwani naye ana saa zake: tembo la asubuhi ni tamu, la jioni ni kali, na likilazwa siku kadhaa huwa siki.

Pombe hizo zinanyweka zikiwa hai, katika chombo kilicho wazi, na gesi inaenda zake. Taabu huanza pale mtu anapotengeneza bia ya shayiri nyumbani, akaitia kwenye chupa ya kioo na kuigongea kizibo. Hapo kuiva hakutoshi. Lazima iwe imemaliza, kwa sababu gesi itakayotoka baada ya kizibo kufungwa haina pa kwenda.

Nchini Marekani, ambako mwaka 1978 Rais Jimmy Carter alitia saini sheria iliyowaruhusu wananchi kujitengenezea bia nyumbani bila kodi, maelfu kwa maelfu ya watu wameifanya kazi hii kuwa burudani ya mwisho wa wiki. Vyombo vyao havina makuu: ndoo ya plastiki ya lita 20 hivi, mfuniko unaobana, na juu yake kidude chenye maji kinachoruhusu gesi kutoka bila hewa kuingia. Siku ya pili kidude hicho kinabwabwaja mfululizo. Siku ya tano kimenyamaza, na mwenye ndoo anaenda kuosha chupa.

Hapo ndipo wengi wanapokosea.

Ukimya wa kidude hauna maana moja. Huenda mfuniko haukubana vizuri na gesi inapenya pembeni, bia ikiwa katikati ya safari. Huenda usiku ulikuwa wa baridi na hamira imezubaa. Kinyume chake pia hutokea: bia iliyokwisha kumaliza huanza kutoa mapovu mchana jua likichoma chumba, kwa sababu kinywaji kikipata joto hushika gesi kidogo kuliko kilipokuwa baridi, na ziada hutoka. Povu la juu nalo hupanda na kushuka kwa namna yake, kutegemea aina ya hamira. Anayetegemea dalili hizi anaitazama gesi, ilhali jambo linalotakiwa kujulikana ni sukari.

Kazi ya hamira ni kula sukari. Gramu 180 za glukosi zinatoa gramu 92 za alkoholi na gramu 88 za kabonidioksaidi, karibu nusu kwa nusu. Maji ya kimea yaliyojaa sukari ni mazito kuliko maji matupu; kadiri sukari inavyoliwa na alkoholi, iliyo nyepesi kuliko maji, inavyoongezeka, ndivyo kinywaji kinavyozidi kuwa chepesi. Ndiyo maana kifaa cha kuaminika ni haidromita, kijiti cha kioo chenye uzito chini na vipimo shingoni, kinachoelea juu zaidi penye sukari nyingi. Waingereza walikuwa wanakitumia katika bia tangu karne ya 18. John Richardson alichapisha kitabu kuhusu matumizi yake mwaka 1784. Mkemia Karl Balling wa Prague alikuja na kipimo chake cha sukari mwaka 1843, na jina lake bado linatajwa viwandani.

Kwenye haidromita, maji matupu husoma 1.000. Maji ya kimea kwa bia ya kawaida huanza 1.050 hivi, na bia hiyo ikimaliza husoma karibu 1.010. Tofauti hiyo ya 0.040 ukiizidisha kwa 131 unapata alkoholi ya asilimia 5 na kitu. Asiyejua hungoja hadi 1.000 na kudhani bia yake imekwama. Haijakwama: kimea kina sukari za minyororo mirefu ziitwazo dekstrini, ambazo hamira nyingi za bia haziwezi kuzila, na hizo ndizo zinazoipa bia uzito mdomoni. Mvinyo wa asali, usio na dekstrini hizo, unaweza kushuka hata chini ya 1.000.

Kusoma kwenyewe kunahitaji utulivu. Sampuli imiminwe mara kadhaa kutoka bilauri moja hadi nyingine ili gesi itoke, maana viputo vikiganda kwenye kioo hukiinua kama maboya. Kijiti kizungushwe kwa vidole, kiachwe kitulie, na jicho lishuke hadi usawa wa kinywaji. Joto nalo lihesabiwe. Haidromita nyingi za siku hizi zimepimwa kwa nyuzi 20 za Selsiasi. Kwenye chumba cha Dar es Salaam chenye nyuzi 30, zitasoma chini ya ukweli kwa 0.002 au 0.003. Anayepima leo alfajiri na keshokutwa saa nane mchana anaweza kuona mteremko ambao haupo.

Kisha anapima tena. Kipimo kimoja hakithibitishi lolote; vipimo viwili vinavyolingana, vikiachana kwa siku mbili au tatu katika joto lilelile, ndivyo vinavyosema hamira imeacha kula. Lakini imeacha kwa sababu imemaliza, au imechoka? Bia iliyotarajiwa kufika 1.010 ikiganda kwenye 1.022 inatia shaka. Watengenezaji makini wana hila nzuri kwa hili: siku ya kwanza wanachota glasi moja ya maji ya kimea, wanaitia hamira nyingi kupita kiasi, wanaiweka penye joto na kuitikisa mara kwa mara. Glasi hiyo humaliza kwa siku moja au mbili, na namba yake ya mwisho ndiyo ambayo ndoo kubwa inapaswa kuifikia. Ni kazi ndogo sana kwa faida yake.

Ulimi pia una nafasi. Bia inaweza kuwa imemaliza sukari na bado inanukia siagi. Hiyo ni daiasetili, ambayo hamira huitoa na baadaye kuirudia na kuila ikipewa siku mbili tatu zaidi bila kuhamishwa. Haraka ya kutia chupani huiacha humo.

Sasa tuhesabu hatari. Kabla ya kufunga chupa, mtengenezaji huongeza makusudi gramu 6 hivi za sukari kwa kila lita ili bia ipate mapovu. Kwa nyuzi 25, shinikizo ndani ya chupa hufikia takriban lile la tairi la gari dogo. Ikiwa bia ilikuwa bado haijamaliza, kila 0.001 inayoshuka baadaye inaongeza gesi yenye ujazo wa karibu nusu ya ujazo wa bia. Kubaki kwa 0.004 tu kunatosha kulifanya shinikizo lipite maradufu ya tairi hilo, ndani ya kioo. Chupa ya namna hiyo hupasuka yenyewe kabatini, au mkononi mwa aliyeishika.

Asiye na haidromita asibahatishe. Achukue chupa ya plastiki ya soda iliyosafishwa, aijaze bia isiyoongezwa sukari, aibane pembeni kutoa hewa, aifunge na kuiweka penye joto siku mbili. Ikikaza hadi haibonyei, ndoo iachwe wiki nyingine. Na siku ya kujaza chupa za kioo, moja ya plastiki iwe kati yao, yenye bia ileile na sukari ileile, iwe inabonywa kila asubuhi. Ikishakuwa ngumu kama ya soda dukani, zote ziingie kwenye friji. Kama zimekaa nje na ya plastiki imevimba hadi haisimami wima, usizishike mikono mitupu: vaa glavu nene na miwani, zifunike taulo, zipoze, kisha legeza vizibo kimoja kimoja.