Kitufe kimoja cha mizani chaweza kumpunja mkulima kilo 60

MSIMU wa mavuno unapowadia, wanunuzi wa mahindi, ufuta na mbaazi huingia vijiji vya Kilosa hadi mji mdogo wa Mikumi, kando ya barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Iringa. Wapo wanaokuja na mizani ya kielektroniki, inayoonyesha uzito kwa tarakimu kwenye kioo kidogo.

Ndani ya mizani hiyo mna kompyuta ndogo, na programu yake imefungwa humo tangu kiwandani. Mtumiaji haioni. Anachokiona ni vitufe na kijitabu cha maelekezo, ambacho mara nyingi kimeandikwa kwa Kiingereza au Kichina. Tatizo huanzia hapo, kwani maneno yanayoelekea kufanana huagiza kazi tofauti.

Mfano ni vitufe vya sifuri na tea. Kitufe cha sifuri hutumika mizani ikiwa tupu, ili kuondoa tofauti ndogo, kama ile inayoletwa na vumbi au mabaki ya nafaka. Tea hutoa uzito wa chombo, kama vile kreti au ndoo, na programu huendelea kuutoa katika kila pimo mpaka mtumiaji aufute.

Tuseme mnunuzi amepima nyanya kwa kreti ya kilo 3, akabonyeza tea, kisha akapandisha magunia ya mahindi bila kreti na bila kufuta. Gunia la kilo 100 litasomeka 97. Kwa magunia 20, mkulima amepoteza kilo 60. Kama kilo moja ni Sh 700, hizo ni Sh 42,000. Kinyume chake, tea ikisahauliwa wakati kreti ipo, mnunuzi ndiye atakayelipia plastiki kwa bei ya nyanya.

Kinga yake ni rahisi. Kabla ya kupima, shusha kila kitu na utazame kioo. Kikionyesha kilo 3 zenye alama ya kutoa, ujue kuna uzito uliohifadhiwa ndani.

Neno jingine linalopotosha ni usahihi. Mizani inayosoma kwa hatua ya gramu 10 si lazima iwe sahihi kuliko inayosoma kwa hatua ya gramu 50. Hatua hueleza jinsi tarakimu zinavyopanda, ilhali usahihi hueleza kama tarakimu hizo ni za kweli.

Aidha, kurekebisha si kuhakiki. Kurekebisha ni kuifundisha programu upya kwa jiwe la uzito unaojulikana. Jiwe likiwa bovu, mizani itakosea kila siku bila kuonyesha dalili. Kuhakiki ni kazi ya Wakala wa Vipimo, ulioanzishwa mwaka 2002, ambao hupima mizani ya biashara na kuiwekea alama. Mfanyabiashara anayeifungua na kuirekebisha mwenyewe hujiweka matatani kisheria.

Kiswahili hakikosi uwezo wa kubeba maneno haya. Baraza la Kiswahili la Taifa lipo tangu mwaka 1967, na mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili. Kilichotangulia hapo ni kukubaliana kwamba neno moja libaki na maana moja, kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho.

Vyama vya msingi vya wakulima vinaweza kuanza na karatasi moja tu, ikabandikwa ukutani karibu na mizani: sifuri, tea, uzito wa jumla, uzito halisi na alama ya uhakiki, kila neno na maana yake. Uzito wa jumla ni mzigo pamoja na chombo. Uzito halisi ni mzigo peke yake, na huo ndio unaolipwa. Mkulima anayejua tofauti hiyo atauliza kabla hajapokea fedha, kwa kuwa gunia likishapakiwa kwenye lori, ni vigumu kulipima tena.